Ngozi ya Mtoto Haingoji Mavuno: Kutoka Sigino hadi kwa Daktari Bingwa



Sura ya 13 ya Kitabu cha Mambo ya Walawi ni miongoni mwa sura ambazo wasomaji wengi wa Biblia huzipita haraka. Inaeleza kwa urefu namna Waisraeli walivyopaswa kumshughulikia mtu aliyeota baka au kivimbe katika ngozi yake. Mtu huyo alipelekwa kwa kuhani. Kuhani alimtazama, na pale dalili zilipokuwa hazijawa wazi, hakutoa hukumu papo hapo, bali alimtenga kwa siku saba, kisha akamtazama upya, na ikibidi akamwongezea siku saba nyingine. Tumezoea kuikumbuka sheria hiyo kwa ukali wake juu ya wagonjwa, na ukali huo ulikuwapo kweli. Hata hivyo, ndani yake mna utaratibu ambao ungefaa kuandikwa ukutani katika kila zahanati: kutazama, kuweka siku, na kutazama tena.

Tunauleta utaratibu huo mbele yenu kwa ajili ya watoto wa Sigino, kata ya mji wa Babati, na wenzao wa kata za jirani. Mtoto akipatwa na homa kali, mama hutoka naye usiku uleule. Akivunjika mkono, majirani hutafuta pikipiki. Lakini akijikuna mwezi mzima, au kichwa chake kikinyonyoka nywele kwa viraka, au baka likitokea mgongoni pasipo maumivu, nyumba nzima huungana katika neno moja: ni ngozi tu, itapona. Mara nyingi hupona kweli. Taabu iko kwa wale ambao haikupona, na ambao hakuna aliyewawekea siku ya kutazamwa tena.

Magonjwa haya ni mengi kuliko tunavyodhani. Utafiti uliofanywa miongoni mwa wanafunzi wa shule za msingi jijini Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya watoto waliopimwa walikuwa na tatizo fulani la ngozi. Huenda wingi huo ndio unaotufanya tusiyaone, kwani kinachoonekana kila siku hakishtui. Mwezi Mei 2025 Mkutano wa Afya Duniani, uliofanyika Geneva, ulipitisha azimio la kuyahesabu magonjwa ya ngozi kuwa kipaumbele cha afya ya umma duniani. Azimio la Geneva halimfikii mtoto wa Sigino lenyewe. Linapaswa kupitia mikononi mwa watu watatu: mzazi, mhudumu wa zahanati, na daktari bingwa. Makala hii inahusu njia inayowaunganisha hao watatu, yaani rufaa.

Krimu ya dukani

Tumfikirie mama mmoja wa Sigino. Hatumpi jina kwa sababu si mtu mmoja. Mwanawe wa miaka minne ametokewa na duara shavuni, lenye ukingo ulioinuka na katikati iliyotulia. Anawashwa. Mama anapita katika duka la dawa akitoka sokoni, anaeleza, na muuzaji anampa kitubu cha krimu ya mchanganyiko, ile yenye dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kwa pamoja. Baada ya siku tatu mwasho umekwisha na duara limefifia. Mama anashukuru, anaacha kupaka. Wiki mbili baadaye duara limerudi, pana zaidi, na jingine limetokea shingoni. Ananunua kitubu cha pili. Kisha cha tatu. Anajua kwamba ingefaa kwenda hospitali, lakini nauli na fedha za vipimo zinangoja mbaazi ziuzwe, na mbaazi bado ziko shambani.

Miezi mitano inapita hivyo. Mama anapofika zahanati, mhudumu anakutana na ugonjwa ambao haufanani tena na ule uliomo katika kitabu chake. Ukingo ulioinuka umepotea. Ngozi imekuwa nyembamba na kung'aa, vipele vidogo vimezagaa, na rangi imebadilika.

Hapa yafaa tueleze steroidi hufanya nini, kwa sababu tumeona kwamba wazazi wengi hawajaelezwa. Steroidi hutuliza uvimbe na mwasho. Kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi, ikitumiwa kwa nguvu inayofaa na kwa siku zilizopangwa, ni dawa njema sana, na mzazi asiiogope anapoandikiwa na mtaalamu. Lakini haiui fangasi. Inalituliza jeshi la ulinzi la mwili mahali hapo, na fangasi hupata nafasi ya kuenea kimya kimya. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na eneo lake ni kubwa ukililinganisha na uzito wake, hivyo dawa nyingi zaidi huingia mwilini. Steroidi kali ikipakwa usoni kwa muda mrefu hukondesha ngozi, huacha michirizi na huweza kudhuru macho. Nyingine kati ya krimu hizo ndizo hizohizo zinazotumiwa na watu wazima kujichubua, jambo ambalo lingestahili makala yake.

Hatusemi haya kuwalaumu wauzaji. Maduka ya dawa muhimu yamekuwa msaada mkubwa vijijini tangu mpango huo ulipoanza mkoani Ruvuma mwaka 2003. Tunachosema ni kwamba duka halina daftari. Halikumbuki kwamba mtoto huyu alikuja mwezi uliopita kwa duara lilelile. Zahanati hukumbuka, iwapo mzazi atafungua daftari na mhudumu ataandika ndani yake.

Yale yanayopaswa kwisha zahanati

Rufaa njema huanza kwa kutibu vema yale yasiyohitaji rufaa. Mtoto akipelekwa mbali kwa upele ambao ungetibiwa jirani, familia hutumia fedha zake bure, na siku atakapohitaji safari ya kweli mfuko utakuwa mtupu.

Upele ni mfano mzuri. Husababishwa na mdudu asiyeonekana kwa macho, anayechimba vijia chini ya ngozi, hasa katikati ya vidole, viganjani, kiunoni na sehemu za siri. Kwa watoto wachanga huonekana hata kwenye nyayo na kichwani. Mwasho huzidi usiku. Swali moja la mhudumu hufichua mengi: je, kuna mwingine nyumbani anayejikuna? Kama yupo, dawa ni ya nyumba nzima, siku moja, hata kwa wasiowashwa bado, na nguo na matandiko yafuliwe na kuanikwa juani. Familia nyingi humtibu mtoto mmoja tu, naye huambukizwa tena na ndugu anayelala naye. Kisha husemwa kwamba dawa haifanyi kazi, au kwamba nyumba ina mkono wa mtu. Wazazi wajue pia kwamba mwasho huweza kuendelea kwa wiki mbili hadi nne baada ya wadudu wote kufa. Mwasho unaopungua taratibu si sababu ya kukimbilia Moshi, ila vipele vipya vinavyozidi kutokea baada ya wiki nne, ilhali wote nyumbani walitibiwa, ni sababu ya kumwona mtaalamu.

Mapunye ya kichwani yana somo lake. Wazazi hupaka dawa, majivu, hata mafuta ya taa. Fangasi wa kichwani hukaa ndani ya shina la unywele, mahali ambapo dawa ya kupaka haifiki ya kutosha. Ndiyo maana hutibiwa kwa dawa ya kumeza, inayopimwa kwa uzito wa mtoto, kwa wiki sita hadi nane. Dawa ya mafuta haitoshi hata ikipakwa mwaka mzima. Mtoto akimaliza dawa ya kumeza kwa ukamilifu na bado ana viraka, au kichwa kikiwa na uvimbe laini unaotoa usaha, aandikiwe rufaa, kwa kuwa makovu yakijitokeza nywele hazirudi.

Vidonda vyenye magamba ya rangi ya asali, majipu madogo, fangasi wa mwilini, ukurutu usio mkali: yote haya yana dawa katika ngazi ya chini. Kinachotakiwa ni siku ya kurudi. Kidonda chenye usaha kitazamwe tena baada ya siku mbili au tatu. Ukurutu baada ya wiki mbili. Fangasi wa mwilini baada ya wiki nne. Iwapo siku hiyo hakuna nafuu, mhudumu asiongeze kitubu kingine cha dawa ileile kwa matumaini. Ajiulize kama alichokiita fangasi ni fangasi kweli, na kama hana jibu, aandike barua.

Yasiyongoja hata siku moja

Kuna hali ambazo utaratibu wa kuweka siku hauzihusu, kwa sababu zinataka gari leo.

Mtoto mchanga mwenye malengelenge au usaha katika ngozi apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mtoto mwenye homa na madoa ya zambarau yasiyofifia yakibonyezwa, kwa kuwa hiyo huweza kuwa dalili ya maambukizi makali ya damu na utando wa ubongo. Mtoto aliyeanza kumeza dawa mpya katika wiki chache zilizopita, kisha macho yakawa mekundu, midomo na kinywa vikapata vidonda, na ngozi ikaanza kubambuka kama iliyoungua, aache dawa hiyo na akimbizwe. Dawa za jamii ya salfa na baadhi ya dawa za kifafa hujulikana kwa kuleta madhara hayo, ingawa hutokea kwa nadra. Mtoto aliyekonda au kuvimba miguu kwa utapiamlo, na ngozi yake inabambuka kama rangi ya ukuta wa zamani, anahitaji kulazwa. Mafuta ya kupaka hayatamsaidia.

Jingine ni gumu kulitambua. Mtoto aliyekuwa na upele wenye vidonda, wiki chache baadaye akaamka uso umevimba na mkojo wake una rangi ya chai ya rangi, huenda bakteria wa vidonda vile wameamsha ugonjwa wa figo. Hapo neno "ni ngozi tu" hukoma kabisa kuwa na maana.

Na tuwaombe wahudumu wetu jambo moja. Vitabu vingi vya tiba vimefundisha kutafuta wekundu, navyo vilipigwa picha za ngozi nyeupe. Katika ngozi ya watoto wetu wekundu huo hujificha. Huonekana kama weusi uliozidi, au rangi ya zambarau, au hauonekani kabisa. Mkono hutambua kile jicho lisichokiona: joto, ugumu, uvimbe. Kwa hiyo mhudumu aguse.

Baka lisilowasha

Kugusa kunatufikisha kwenye ugonjwa unaotajwa kwa kunong'ona. Mwinjili Marko, katika sura ya kwanza, anasimulia kwamba Yesu alipoombwa na mwenye ukoma alinyosha mkono akamgusa, kisha akamtuma ajionyeshe kwa kuhani. Kwa lugha yetu ya leo, alimhudumia kisha akampa rufaa.

Ukoma haujatoweka Tanzania. Mwaka 2006 nchi yetu ilifikia lengo la kitaifa la kuupunguza chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000, nalo lilikuwa jambo la kushangilia. Bado wagonjwa wapya hugunduliwa kila mwaka, na miongoni mwao wamo watoto. Mtoto anapopatikana na ukoma, maana yake ni kwamba maambukizi yanaendelea karibu naye, hivyo wote wanaoishi naye wachunguzwe.

Wazazi wengi huogopa baka lisilo lenyewe. Watoto wa umri wa shule hupata mara kwa mara mabaka yenye rangi hafifu mashavuni, yenye ungaunga kidogo. Hayo kwa kawaida hayana madhara na huondoka yenyewe. Baka la ukoma hutambulika kwa namna nyingine. Limepauka au lina rangi ya shaba, haliwashi, haliumi, na ndani yake hisia zimepungua. Mhudumu huchukua uzi wa pamba, humwonyesha mtoto namna unavyogusa, kisha humfumba macho na kumwomba aoneshe kwa kidole mahali alipoguswa. Mtoto mdogo hawezi kipimo hicho. Atacheka au atakisia. Kwa huyo, baka lisilowasha ambalo halijabadilika kwa miezi linatosha kuwa sababu ya rufaa. Dawa za ukoma hutolewa bila malipo, kwa miezi sita au kumi na miwili kulingana na aina. Anayeanza mapema hubaki na vidole vyake na macho yake.

Kanisa lina deni la kumbukumbu hapa. Siku ya Ukoma Duniani, inayoadhimishwa Dominika ya mwisho ya Januari, ilianzishwa mwaka 1954 na mlei Mkatoliki wa Ufaransa, Raoul Follereau. Padre Damiano wa Molokai, aliyefariki mwaka 1889 kwa ugonjwa wa wale aliowahudumia, alitangazwa mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009. Ingekuwa ajabu tumheshimu altareni, kisha katika jumuiya zetu ndogondogo mtoto mwenye baka asipewe nafasi ya kuketi.

Watoto wenye ualbino

Mtoto mwenye ualbino hahitaji kuponywa, bali kulindwa, na ulinzi huo uanze siku anapozaliwa. Nchini Tanzania inakadiriwa kwamba mtoto mmoja katika kila 1,400 huzaliwa na hali hii, kiwango kilicho kikubwa kuliko cha sehemu nyingi za dunia. Jua lisiloleta shida kwa kaka yake shambani humuunguza yeye, na kuungua kwa miaka ya utoto hurudi kama saratani katika ujana, wakati mwenzake anaanza maisha.

Kwa hiyo rufaa yake haingoji kidonda. Zahanati imwandikie kwenda kliniki ya ngozi na ya macho akiwa bado mchanga. Nyumbani apewe kofia yenye ukingo mpana na nguo za mikono mirefu. Shuleni mwalimu amketishe mbele, mbali na dirisha lenye jua, na amsamehe kazi za nje za mchana. Mafuta ya kukinga jua aina ya Kilisun hutengenezwa hapa nchini, mjini Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kidonda chochote au kigamba kigumu kisichopona kwa wiki nne, hasa usoni, masikioni, shingoni au mikononi, kionwe na mtaalamu. Kikiondolewa kingali kidogo, mtoto hurudi nyumbani akiwa na kovu dogo tu.

Njia yenyewe

Mfumo wetu wa afya umepangwa kwa ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya halmashauri, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya kanda, na juu yake hospitali ya taifa. Kwa mtu wa Sigino, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Manyara iko Babati mjini. Iko pia Hospitali ya Dareda, ya Jimbo letu la Mbulu, na upande wa Mbulu iko Haydom, hospitali ya ndugu zetu Walutheri. Hospitali ya kanda ya kaskazini ni KCMC. Kutoka Babati hadi Arusha ni takriban kilomita 170, na kutoka Arusha hadi Moshi ni 80 nyingine. Barabara ni ya lami, lakini ukiwa na mtoto anayejikuna magotini, ni safari ndefu.

Wengi hawajui kilichopo mwisho wa safari hiyo. Ndani ya KCMC mna Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichofunguliwa mwaka 1992 kwa ushirikiano wa Serikali yetu, Msamaria Mwema, taasisi inayoimiliki hospitali hiyo, na umoja wa kimataifa wa vyama vya madaktari wa ngozi. Waanzilishi waliona kwamba Afrika isingeweza kungoja hadi ipate madaktari bingwa wa kutosha. Wakaamua kuwachukua matabibu waliokwisha kufanya kazi vijijini, kuwafundisha ngozi kwa miaka miwili, na kuwarudisha walikotoka. Wanafunzi wamekuja kutoka nchi nyingi za Afrika. Baadaye kikaongezwa chuo cha kuwafundisha madaktari bingwa wenyewe.

Maana yake kwa mzazi ni hii: kati ya zahanati na daktari bingwa yuko mtu wa tatu, tabibu aliyefundishwa ngozi, naye huweza kupatikana karibu kuliko Moshi. Kabla ya kupanga safari ndefu, mzazi aulize katika hospitali ya mkoa na ya Dareda: je, mnaye mtaalamu wa ngozi, na kliniki yake ni siku gani? Swali hilo lina thamani ya nauli. Familia nyingi zimefika hospitali kubwa siku ambayo kliniki ya ngozi haipo, zikalala kwa jamaa, au zikarudi nyumbani bila kumwona mtu.

Barua na daftari

Barua ya rufaa inayosema tu "ugonjwa wa ngozi, naomba msaada" haimsaidii mtu. Bingwa atalazimika kuanza upya, na huenda akarudia dawa ileile iliyokwisha kushindwa. Barua yenye manufaa ina mambo machache: ugonjwa ulianza lini na mahali gani mwilini, umeeneaje, unawasha, unauma, au umekufa ganzi, nani mwingine nyumbani anao, uzito wa mtoto, na dawa zote zilizotumika, kwa siku ngapi, na nini kilitokea. Tunaposema zote tunamaanisha pia za dukani na za miti shamba. Mama asione haya. Mhudumu aulize kwa upole, maana akiuliza kwa kufoka atajibiwa kwamba hakuna kilichopakwa. Ushauri wetu ni rahisi: vitubu vitupu vya krimu visitupwe, vitiwe mfukoni na kupelekwa vyote.

Siku ya kuonwa, mtoto asipakwe mafuta mazito wala dawa ya rangi, ili ngozi ionekane ilivyo. Kadi ya kliniki iende pamoja naye. Na kama mhudumu amependekeza vipimo, kikiwamo cha virusi vya UKIMWI, mzazi asidhani kwamba anashutumiwa. Baadhi ya magonjwa ya ngozi, kama mkanda wa jeshi kwa mtoto, huwa ni kengele inayomtaka mganga aangalie kinga ya mwili.

Siku hizi picha ya simu hufika kwa mtaalamu kabla ya mgonjwa, na mara nyingine huokoa safari nzima. Tunaiunga mkono, kwa masharti. Mzazi aombwe ridhaa. Picha ipigwe mchana kwenye mwanga wa asili, moja ya mbali na moja ya karibu, uso usionekane pasipo ulazima. Itumwe kwa mtaalamu mmoja, kisha ifutwe. Picha ya mwili wa mtoto isitumwe katika kundi la jumuiya, la kwaya wala la wazazi wa shule, hata kwa nia ya kuombea.

Kuhusu gharama, watoto walio chini ya miaka mitano wanasamehewa malipo katika vituo vya Serikali kwa mujibu wa sera ya afya, ingawa dawa zisipokuwapo mzazi hujikuta dukani. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulipanga mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita, na huduma zake zikaishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Yaani kadi hiyo haikufika Moshi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023. Kabla ya kusafiri, mzazi aulize kwa mhudumu kadi yake inafika wapi na kama inahitaji barua ya rufaa. Asiyekuwa na barua mara nyingi hutozwa kama aliyejileta mwenyewe.

Kilichobaki ni nauli. Jumuiya ndogondogo hukusanya rambirambi kwa haraka ya kupendeza. Msiba ukitokea asubuhi, jioni fedha imepatikana. Nauli ya mama na mtoto kwenda na kurudi ni sehemu ndogo ya mchango wa msiba mmoja. Tunaliacha swali hilo mikononi mwa viongozi wa jumuiya na wa WAWATA, wanaozijua nyumba zao kuliko sisi.

Mtoto wa mfano wetu amefika, ameonwa, amekwanguliwa ngozi kwa kipimo, fangasi wameonekana chini ya hadubini, krimu imesimamishwa, na ameandikiwa dawa ya kumeza. Anarudi Sigino na chupa inayotosha wiki nne, ilhali dawa ni ya wiki nane. Hapa ndipo rufaa nyingi hufia. Bingwa anapaswa kuandika majibu yake katika daftari kwa maandishi yanayosomeka: ugonjwa ni huu, dawa ni hii, kiasi ni hiki, iendelezwe hadi tarehe hii. Mama anapaswa kulipeleka daftari hilo zahanati ndani ya wiki ileile, hata kama mtoto anaonekana amepona. Na mhudumu, akilipokea, afungue ukurasa aliouandika yeye mwenyewe, asome aliyoyadhani, asome aliyoyakuta mwenzake, kisha aandike chini yake siku ya kumtazama mtoto tena.